Unyoya Mmoja kwa Jumamosi Tatu



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo dogo, nalo ni unyoya wa ndege. Wengi wenu mnafahamu kwamba tangu mwanzo wa mwaka tumekuwa tukikutana Jumamosi alasiri, watoto kwa watu wazima, tukijifunza kuchora manyoya kwa rangi za akriliki na brashi za maji. Baadhi yenu mmetuuliza, kwa upole na pengine kwa kejeli kidogo, kwa nini watu wenye akili timamu wamalize alasiri nzima wakiutazama unyoya wa kanga. Tungaliweza kujibu kwa mzaha. Lakini limetokea jambo lililotulazimu kujibu kwa dhati, maana katika jambo hilo sisi wenyewe tulikosea.

Tuanze na vifaa. Akriliki si rangi ya maji ile tuliyoizoea shuleni. Chembechembe zake za rangi zimo ndani ya maji yaliyochanganywa na plastiki laini mno. Maji yakisha kukauka, plastiki hiyo hushikamana, wala haiyeyuki tena kwa maji. Ni rangi ya juzi tu, kwani aina izimuliwayo kwa maji ilianza kuuzwa kwa wasanii katika miaka ya 1950. Brashi ya maji nayo ina mpini ambao ni kichupa laini: hujazwa maji, na ukiubinya, maji hushuka hadi kwenye nywele zake. Vitu viwili hivi havipatani kwa hiari. Akriliki ikikaukia ndani ya nywele, brashi imekwisha. Jumamosi ya kwanza tulipoteza brashi tatu, na mmoja wetu aliilegeza mikono akiwa bado ameichovya brashi katika rangi, rangi ikafyonzwa hadi ndani ya kichupa, maji yakawa kama uji wa ulezi. Tangu siku hiyo rangi huzimuliwa kwenye sahani, brashi huchovywa ncha tu, na kabla ya kuwekwa chini hubinywa na kupanguswa kwa kitambaa cha pamba mpaka itoe maji safi.

Mbona basi tusirudi kwenye rangi ya maji ya kawaida? Kwa sababu unyoya huchorwa kwa matabaka. Tabaka la kwanza ni jepesi, karibu maji matupu, nalo hulifunika umbo lote. Likikauka, la pili hupita juu yake bila kulivuruga, na la tatu vivyo hivyo. Kwa rangi ya maji, mkono usio na uzoefu huliamsha tabaka la chini kila upitapo, na mwisho wake ni tope. Akriliki haisahau kosa, ni kweli, ila pia haipotezi kazi njema iliyokwisha kufanyika.

Kosa la kila anayeanza, nasi sote tulilifanya, ni kuchora kila uzi. Unyoya una uti wa katikati, na pande zake mbili nyuzi nyingi zilizoshikana kwa vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukizitenganisha kwa kidole, kisha ukazipapasa kuelekea nchani, hushikana tena kama zipu. Mchoraji akiijua siri hiyo, hutamani kuionyesha yote; hupiga mistari mia mbili, na anachokipata ni mfupa wa samaki. Dawa yake ni kuuona upande wa unyoya kama kipande kimoja cha kitambaa, kisha kutafuta pale tu palipopasuka, mahali pawili au patatu, na kupachora hapo kwa uaminifu. Chini kabisa, karibu na shina, vinyoya vimelegea na havina ukingo. Hapo brashi ya maji huonyesha thamani yake, kwani ncha yenye maji matupu hukivuta kivuli kikafifia chenyewe. Na madoa meupe ya kanga? Wapo wanaoyaweka mwishoni kwa rangi nyeupe nzito. Sisi twapendelea kuiacha karatasi ibaki nyeupe tangu mwanzo, ingawa ni kazi ya kuchosha, na watoto hawajakubaliana nasi.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mwezi wa pili wa mafunzo tulizungumzia rangi ya buluu. Tulieleza kwamba buluu ya manyoya si rangi iliyotiwa humo. Ni mwanga unaotawanywa na matundu madogo mno yaliyomo ndani ya nyuzi zenyewe. Ukiuinua unyoya wa buluu uutazame dhidi ya jua, buluu huondoka na kubaki hudhurungi. (Wekundu wa mabawa ya kulukulu ni habari nyingine: ile ni rangi halisi, yenye madini ya shaba ndani yake.) Tukasema kwamba buluu hiyo haiigiki kwa kuchanganya rangi nyeupe, kwa sababu hugeuka chaki, huigwa kwa matabaka mepesi ya buluu inayoelekea kijani, juu ya karatasi nyeupe inayourudisha mwanga. Kisha tukamsifu kambu, yule ndege wa buluu atuaye juu ya nyaya na kuruka ghafula, mabawa yakiwaka. Tulimsifu kwa muda mrefu. Tulisema kwamba hakuna unyoya bora kwa mchoraji.

Jumamosi iliyofuata kijana wa miaka kumi na miwili alikuja na bawa la kambu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amempiga kwa manati asubuhi ile. Hakuficha, aliliweka mezani mbele yetu kama mwanafunzi aletaye kazi aliyoagizwa.

Baadhi yetu walimkaripia. Sisi tunaona kwamba hawakuwa na haki hiyo, kwa maana aliyemtuma alikuwa ni sifa zetu. Mtoto hutafsiri sifa kuwa amri. Mwingine akatukumbusha, na hakukosea, kwamba mchoro wa bawa unaosifiwa kuliko yote duniani ulitokana na jambo lilo hilo. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, alichora bawa la kambu wa Ulaya juu ya ngozi laini isiyofika sentimita 21 kila upande. Juu yake umeandikwa mwaka 1512, ingawa wataalamu wengi huurudisha nyuma hadi yapata 1500. Mchoro huo umehifadhiwa Albertina, mjini Vienna, na pale bawa lilipong'olewa mwilini hakupaficha. Je, tumlaumu Dürer? Hatuna jibu jepesi. Twajua tu kwamba yeye hakuwa akifundisha watoto ishirini wenye manati mifukoni.

Na kambu wa Ulaya ni ndugu wa huyu wetu, tena ni mgeni wetu. Hukimbia baridi ya kwao, akakaa huku Afrika, na ifikapo Aprili hupita kwa wingi mashariki mwa Tanzania na Kenya akirejea kaskazini kuzaliana. Ndege aliyefika hapa kwa mbawa zake kutoka huko angeweza kuwa ndiye aliyeanguka asubuhi ile.

Tulibishana kama bawa litupwe. Maoni yetu yalikuwa kwamba kulitupa ni kumuua ndege mara ya pili. Kijana aliruhusiwa kulichora, kwa sharti la kuchora unyoya mmoja tu, usio mrefu wala wa kupendeza kuliko mingine, kwa Jumamosi tatu. Alichora. Jumamosi ya pili aliacha kuongea na wenzake. Ya tatu alituuliza kama nyuzi zile hushikana tena ndege akiwa amekufa. Tukampa unyoya ajaribu mwenyewe, zikashikana. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaomba alizike bawa, nasi tukalizika nyuma ya ukumbi.

Mchoro wake ni bora kuliko yetu yote, na hatujakubaliana kama uwekwe ukutani.

Tangu sasa tutachora manyoya yaliyoanguka tu: ya kuku, ya bata, ya kanga wa kufugwa. Atakayekuja Jumamosi ayaoshe kwa maji ya sabuni na kuyaanika kivulini, aje na kitambaa cha pamba na sahani nyeupe. Brashi zipo, ila ni chache. Manati ziachwe nyumbani.