Kuitafuta Rangi ya Asili ya Trekta Kuukuu ya Bustani

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliosema hivyo hawakuwa na habari za trekta, lakini neno lao lamfaa sana mtu aliyerithi au kununua mashine kuukuu, naye akataka kuirudishia sura iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Rangi inayoonekana kwa nje ni mlango tu. Rangi ya asili aghalabu imo ndani, chini ya vumbi, grisi na mikono ya watu wengi waliopaka juu yake. Anayeanza kwa msasa na kopo la rangi mpya kabla ya kuchunguza huufuta ushahidi asioweza kuupata tena.

Mfano mzuri wa jambo hili ni zile trekta ndogo za bustani za Marekani. Hizi si za kulimia mashamba makubwa. Zilitengenezwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa ajili ya watu wenye nyumba zilizozungukwa na viwanja vipana. Mtu mmoja huketi juu yake akakata majani, akalima bustani ya mboga, na wakati wa baridi akasukuma theluji. Kampuni ya Wheel Horse ilianzishwa mwaka 1946 huko South Bend, katika jimbo la Indiana, na trekta zake zikajulikana kwa rangi nyekundu. International Harvester ilileta Cub Cadet mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyoundwa Louisville, Kentucky, kwa rangi ya manjano na nyeupe. John Deere nayo ilianza kuuza trekta namba 110 mwaka 1963, kutoka kiwanda chake cha Horicon, Wisconsin. Ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 7, nayo ikapakwa kijani na manjano kama ndugu zake wakubwa wa mashambani.

Leo mashine hizo zimekuwa kumbukumbu. Wajukuu huzitoa katika mabanda ya babu zao wakazifufua, na wapo watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Swali la kwanza linalowakabili wote ni moja: ilikuwa rangi gani?

JINA LA KAMPUNI HALITOSHI

Mtu aweza kusema: "Hii ni John Deere, basi ni ya kijani; hakuna haja ya kuuliza." Hapo ndipo wengi wanapopotea. Katika miaka ya 1969 hadi 1971 kampuni hiyo iliuza trekta za bustani zenye mwili mweupe, na mnunuzi akachaguliwa boneti na kiti vya rangi aipendayo kati ya nne: manjano, nyekundu, machungwa au buluu. Mpango huo haukuwavutia wanunuzi wengi, kwa sababu walikwisha kuizoea kijani. Baadhi ya wauzaji walizipaka trekta hizo kijani na manjano ili zipate kuondoka dukani. Basi ipo mashine ambayo kijani chake ni kikuukuu kweli, tena kilipakwa na muuzaji mwenyewe, lakini si rangi iliyotoka nayo kiwandani.

Cub Cadet nazo zina kisa chao. Mwaka 1981 International Harvester iliiuza biashara hiyo kwa kampuni ya MTD. Baada ya hapo trekta za aina moja, kama namba 782, zilitoka kwa rangi mbili: nyekundu kwa maduka ya International Harvester, na manjano kwa maduka mengine. Anayekuta 782 nyekundu akadhani imeharibiwa, kisha akaipaka manjano ili "kuisahihisha", ndiye hasa aliyeiharibu.

Kwa hiyo kazi ianze kwa kusoma kibao cha namba ya mashine na kujua ni aina gani na ya mwaka gani. Kibao hicho kisikwanguliwe wala kupakwa rangi. Kikishafutika, mashine imepoteza cheti chake cha kuzaliwa.

MAHALI PA KUTAFUTA

Jua ni adui wa rangi. Nyekundu iliyokaa nje miaka mingi hupauka ikaelekea waridi, na uso wake ukawa kama chokaa kinachobaki kidoleni. Manjano nayo hufifia. Hapana budi basi kutafuta mahali ambapo jua, mvua na mkono wa mwenye mashine havikufika.

Mahali hapo ni pengi. Kuna chini ya kiti, nyuma ya kibao cha saa na swichi, ndani ya boneti, chini ya tangi la mafuta, na pale vyuma viwili vilipokutanishwa kwa bolti. Chini ya washa hubaki duara dogo la rangi safi, kana kwamba ilipakwa jana. Chini ya karatasi za chapa zilizobandikwa kiwandani pia rangi husalimika. Na msomaji asishangae akiambiwa kwamba grisi na mafuta machafu ni marafiki wa mchunguzi: utando ule unaochukiza huzuia hewa na unyevu, ukaihifadhi rangi kwa miaka mingi. Mahali pa kuepuka ni karibu na betri, maana tindikali yake hubadili rangi na kula chuma.

Kabla ya kufungua hata nati moja, yafaa kupiga picha kila upande, kisha kuandika katika daftari kila sehemu na rangi iliyoonekana. Uchafu utolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu maji ya sabuni. Thina isitumike katika hatua hii, kwa sababu huyeyusha rangi yenyewe. Uso uliopauka ukisuguliwa taratibu kwa polishi ya magari, utando wa juu huondoka na rangi ya kweli hujitokeza.

KUFUNGUA DIRISHA DOGO

Ikiwa mashine imepakwa mara nyingi, mchunguzi hufungua "dirisha". Huchagua mahali padogo pasipoonekana, akasugua kwa msasa laini uliolowa maji, namba 400 kisha namba 600, mpaka afikie chuma katikati. Akimaliza huona duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa. Katikati ni chuma, kisha praima, kisha rangi ya kiwandani, kisha kila rangi iliyofuata mpaka ya mwisho.

Hapa ipo hatari ya kudanganyika. Praima, yaani rangi ya chini inayoshikisha nyingine, huweza kuwa ya kijivu au nyekundu ya kutu, na mwenye haraka huidhania kuwa rangi ya asili. Dalili zake ni kwamba imelala moja kwa moja juu ya chuma na haina mng'aro. Dalili nyingine ya kufaa ni uchafu katikati ya matabaka. Kiwandani rangi hupakwa juu ya praima safi. Vumbi, kutu au mafuta vikionekana kati ya rangi mbili, ni ishara kwamba mashine ilikwisha kufanya kazi kabla ya rangi ile ya juu kupakwa.

SHAHIDI MMOJA HATOSHI

Askari wa upelelezi hafungi jalada kwa neno la shahidi mmoja. Hapa pia ni vivyo hivyo. Tuseme trekta ya kijani imekutwa na weupe chini ya madigadi. Je, ni mojawapo ya zile za 1969 hadi 1971? Huenda. Lakini huenda pia madigadi hayo yalitoka katika mashine nyingine iliyovunjwa, au weupe ule ni praima ya fundi wa mtaani. Mchunguzi mwenye busara huenda kwenye boneti. Akikuta buluu au machungwa chini ya kijani, na weupe ule ule katika sehemu nyingine za mwili, na namba ya mashine ikikubaliana na miaka hiyo, ushahidi umekamilika. Akikuta kijani tupu kila mahali isipokuwa madigadi, basi madigadi ndiyo mageni.

Injini nayo ichunguzwe peke yake, kwa kuwa injini hubadilishwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine. Rimu za magurudumu vilevile. Vitabu vya maelekezo na matangazo ya zamani husaidia kujua sehemu ipi ilikuwa ya rangi ipi, lakini visitumiwe kupima wekundu au umanjano wenyewe, kwani wino wa kitabu hubadilika kama rangi inavyobadilika.

KUPATANISHA RANGI MPYA

Rangi ya asili ikishajulikana, hubaki kuipata mpya inayolingana nayo. Maduka makubwa ya rangi yana chombo kinachosoma rangi kwa mwanga na kutoa vipimo vya kuchanganyia. Kinachotakiwa ni kipande safi kilichosuguliwa kwa polishi, kisicho na mkunjo, wala si kile kilichopaukia juani. Mizani ya mwisho lakini ni jicho katika mwanga wa mchana. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa, kisha zikatofautiana zikitolewa nje.

Rangi mpya isipulizwe moja kwa moja juu ya boneti. Ipulizwe kwanza juu ya kipande cha bati chenye praima ile ile, tabaka mbili, kisha iachwe ikauke vizuri. Rangi mbichi na rangi kavu hazifanani, na aliyehukumu kabla haijakauka atarudia kazi.

RISASI ISIYOTOKA KATIKA BUNDUKI

Jambo moja linazihusu familia nzima. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini baadhi ya rangi za mitambo hazikuingizwa katika marufuku hiyo. Kwa hiyo mashine kuukuu ya aina yoyote, iwe trekta, jenereta au kitanda cha chuma, ichukuliwe kuwa na risasi mpaka ipimwe na kuonekana haina.

Risasi hii haina mlio. Huingia kwa vumbi linalovutwa puani au kulambwa mikononi, na huwadhuru zaidi watoto wadogo, kwani huvuruga ukuaji wa ubongo wao. Wajawazito nao wakae mbali. Msasa uwe wa maji siku zote, si mkavu. Rangi isichomwe kwa moto. Na kitambaa cha kawaida puani hakitoshi, inahitajika barakoa yenye kichujio cha vumbi laini. Mabaki yafutwe kwa kitambaa kilicholowa, yasifagiliwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono inawe kabla ya kushika chakula au kumbeba mtoto. Hakuna rangi, hata iwe nzuri namna gani, inayostahili akili ya mtoto.

KUPAKA AU KUTOPAKA

Baada ya uchunguzi wote huo, mara nyingine jibu lililo bora ni kutopaka kabisa. Rangi ya kiwandani ikiwa imesalimika kwa sehemu kubwa, hata kama ina mikwaruzo, huoshwa, ikang'arishwa, na palipo na kutu pakatibiwa peke yake. Mashine yaweza kupakwa upya mara kumi, lakini haiwezi kuwa na rangi yake ya asili zaidi ya mara moja. Na ikibidi kupaka, kipande kimoja cha chini ya kiti kiachwe kama kilivyo, ili atakayeirithi naye apate pa kuchunguza.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye kopo jipya mkononi na alikumbuke neno hilo kabla ya kulifungua.