Ketamini Isiachiwe Walanguzi

Mama aliyepasuliwa usiku wa manane ili mtoto wake atolewe salama, mvuvi aliyeungwa mfupa wa mguu, mtoto aliyeungua akasafishwa jeraha: wengi wa watu hawa, katika hospitali zetu za wilaya, walilazwa na ketamini. Ndiyo nusukaputi ya hospitali ndogo, kwa kuwa kwa kawaida haimzuii mgonjwa kupumua kama zifanyavyo dawa nyingi za usingizi, wala haidai mitambo mikubwa. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikajaribiwa kwa binadamu mwaka 1964, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, sasa inatumika katika nchi kadhaa kuwatibu watu wenye sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine. Wako wanaoiita dawa ya miujiza, na wako wanaoiita dawa ya kulevya. Tunaona kwamba pande zote mbili zinakosea, na kwamba Serikali zetu mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, hazina budi kuamua mapema namna ya kuitumia kabla wafanyabiashara hawajaamua kwa niaba yao.

Mgonjwa wa sonona hatambulikani kwa urahisi katika zile barabara zetu za namba hapa Ngamiani. Hapigi kelele, harushi mawe. Hufunga duka lake mapema, kisha siku moja halifungui kabisa. Huacha kula, hulala asipate usingizi, na akiulizwa husema hana kitu. Jamaa watasema ana mawazo, au amechezewa, au ana shetani anayetaka kiti. Atasomewa, atanyweshwa kombe, pengine atapelekwa mashambani akapungwe. Hatuna ugomvi na kisomo. Humtuliza mtu na kumkusanyia jamaa zake. Ugomvi wetu ni na miaka inayopotea kabla mgonjwa hajaonana na mganga wa hospitali.

Akifika huko, na dawa zikiwapo, atapewa amitriptilini au fluoksetini. Hizi ni dawa nzuri na za bei nafuu, lakini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wapo wasiosikia dawa ya kwanza wala ya pili, hata zikitumiwa kwa kipimo na muda unaotakiwa. Hao ndio wataalamu wanaosema sonona yao imeshindikana, na si wachache: utafiti wa nje umeonyesha kwamba huweza kufikia theluthi moja ya wanaotibiwa.

Ni kwa watu hawa kwamba ketamini ilizua matumaini. Mwaka 2000 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza habari za wagonjwa 7 waliopata nafuu ndani ya siku chache. Mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ikatangaza matokeo kama hayo, safari hii wengi wakipata nafuu ndani ya siku moja. Kipimo kilichotumika kilikuwa nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, ikitiririshwa mshipani kwa dakika 40 huku akiangaliwa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha esketamini, ndugu ya dawa hii, ya kupuliziwa puani. Lakini bei yake si ya mkulima wa mkonge wala ya mvuvi wa Mkoani. Ketamini ya kawaida, ile iliyomo kabatini mwa vyumba vyetu vya upasuaji, ni rahisi mno kwa kulinganisha.

Yatupasa kusema na upande wa pili. Nafuu ya dozi moja mara nyingi hufifia baada ya wiki moja au mbili, ndiyo maana hurudiwa. Presha hupanda kwa muda. Mgonjwa huweza kujihisi ametengana na mwili wake, na asipoandaliwa hushikwa na hofu. Mwenye ugonjwa wa kuona na kusikia yasiyokuwapo hapaswi kupewa kiholela. Kwa ugonjwa wa wasiwasi ushahidi bado ni mchache kuliko wa sonona. Anayeizoea akaitumia ovyo huharibu kibofu chake. Oktoba 2023 mwigizaji mashuhuri wa Marekani, Matthew Perry, alikufa kwa dawa hii, na mwaka uliofuata watu 5 wakashtakiwa, wawili kati yao wakiwa madaktari. Ikiwa ulanguzi huo umewezekana huko kwenye wakaguzi tele, nani atatuhakikishia kwamba hautafika kwetu?

Lakini jawabu si kuifungia ketamini kwa kufuli saba. Mwaka 2015 China ilipendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, na Shirika la Afya Duniani likapinga, likieleza kwamba katika nchi maskini dawa hii ikiadimika watu watakosa kupasuliwa. Atakayeumia kwanza kwa amri ya pupa ni yule mama wa usiku wa manane.

Kinachotakiwa ni mikono iliyofundishwa na mwongozo ulioandikwa. Mkoa wa Tanga, wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, si mgeni wa kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakitibiwa na kufanya kazi pamoja. Bombo ni hospitali ya rufaa yenye watu wa nusukaputi wanaoijua ketamini vizuri kuliko mtu yeyote. Tunashauri wataalamu wa pande hizo mbili wakae meza moja, wachague wagonjwa wachache ambao dawa mbili zimewashinda, na waandike kila kinachotokea, chema na kibaya. Na kabla ya hayo fluoksetini isikosekane katika zahanati, maana ni aibu kuzungumza dawa ya tatu kwa mtu ambaye hajapata ya kwanza.

Ndugu zetu wa Visiwani wana haki ya kuuliza wao watapata nini. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata ikazama Skagit. Mamia ya familia zilizika, nyingine hazikupata hata maiti ya kuzika, na majonzi ya namna hiyo hayaishi kwa matanga ya siku tatu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Visiwani ni Kidongo Chekundu, Unguja. Tiba inayorudiwa mara mbili kwa wiki, na inayomkataza mgonjwa kurudi nyumbani peke yake siku hiyo, haiwezi kumfaa mtu wa Wete ikiwa kila mara lazima avuke bahari na kutafuta pa kulala. Mpango wowote usiokuwa na kituo Pemba utakuwa wa mjini tu.

Liko na jambo la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mkosaji mtu aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinavunja katiba ya nchi hiyo. Mgonjwa wetu anayehitaji tiba hii kuliko wote ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kumficha daktari ukweli. Tunawaomba wabunge wa mkoa huu wakiulizie kifungu hicho katika kikao kijacho, na tunaiomba Wizara ya Afya itamke lini mwongozo wa ketamini utatolewa.