Kura Zilizotafutwa kwa Roho ya Mtu

Mwaka 1988 Michael Dukakis, mgombea urais wa Marekani, aliulizwa mdahaloni kama angeunga mkono adhabu ya kifo iwapo mkewe angebakwa na kuuawa. Alikataa, akashindwa uchaguzi. Wanasiasa wenzake walielewa. Januari 1992 Bill Clinton, Gavana wa Arkansas, aliacha kampeni akarejea jimboni wakati Ricky Ray Rector alipochomwa sindano ya kifo. Rector alikuwa ameua, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa amejipiga risasi na kuharibu ubongo wake. Pai ya mlo wake wa mwisho aliibakiza, ati aile baadaye! Gavana hakumsamehe, na Novemba akachaguliwa Rais. Hayo ndiyo mahesabu ya nchi inayojigamba kuwafundisha wengine demokrasia: mfungwa yule hakuwa na kura, waliotaka auawe walikuwa nazo.