Pesa ya wanafunzi, kura ya wanafunzi

Mwaka 2007 wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, kule California, Marekani, walipiga kura wakakubali kila mmoja aongeze dola 5 kila muhula ili kutunza mazingira ya chuo. Pesa hiyo hawakuwaachia wakubwa peke yao: ku komite inayochagua miradi ya kupunguza taka, kuokoa maji na umeme, wanafunzi njo wengi.

Na sisi? Minerivali tunalipa kila mwaka, na mifuko ya plastiki inajaza mifereji mbele ya madarasa. Dola 5 kwetu ni nyingi, tunajua. Hata franga 500 tutatoa, lakini tukae ku meza moja na wakubwa, daftari ya matumizi ikiwa wazi. Bila ile, hata likuta moja hatuongeze.