Ukikopesha, Andika

Mtu anayeuza magunia ishirini ya mahindi kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi, huyo ameiweka karo ya watoto wake mkononi mwa mwenzake. Mwezi ukiisha bila malipo, nyumba nzima inaumia. Wahenga walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Zamani mdai wa namna hiyo alikuwa na njia mbili tu, na zote chungu. Ama anyamaze na kupoteza mali yake, ama aende mahakamani, ambako shauri liliweza kukaa miaka, na nauli pamoja na ujira wa wakili vikameza deni lenyewe. Mdeni mjanja alilijua jambo hilo, kwa hiyo hakuogopa kushtakiwa.

Siku hizi katika Kenya iko njia ya tatu, nayo yafaa kila mkulima na mwenye duka aijue. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, iliagiza kwamba haki isicheleweshwe, wala isizuiwe na makosa madogo ya utaratibu. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo. Mwanzoni mahakama hiyo iliwekewa kikomo cha shilingi 200,000, lakini mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, kikomo kikawa shilingi 1,000,000. Mwezi wa Aprili 2021 mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, na baadaye nyingine zikafuata katika miji kama Mombasa, Nakuru, Eldoret na Nyeri.

Je, inasikiliza mashauri gani? Inasikiliza madai ya bidhaa au kazi ambayo haikulipwa, fedha za mtu zilizoshikwa na mwingine, hasara ya mali iliyoharibiwa, na fidia ya kuumizwa mwili. Haisikilizi ugomvi wa ardhi, wala mambo ya kuvunjiana heshima, wala mashauri ya mwajiri na mfanyakazi. Hayo yana mahakama zake.

Utaratibu wake ni mwepesi. Waweza kujisemea mwenyewe, na ukishindwa kufika, waweza kumtuma mwakilishi uliyempa idhini. Mwamuzi hafungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi. Tena sheria yasema shauri liamuliwe katika siku 60 tangu kufunguliwa. Asiyeridhika aweza kukata rufani Mahakama Kuu, lakini kwa jambo la sheria tu, si kwa kurudia habari zote upya.

Juu ya hizo siku 60 pametokea mabishano. Ikiwa hukumu imetolewa siku ya 70, je, ni halali? Majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana. Wengine walisema hukumu iliyochelewa ni bure, kwa kuwa sheria imeweka mpaka. Wengine walisema si haki mdai aadhibiwe kwa kuchelewa kwa mahakama. Kwa hiyo, ewe mdai, usiwe wewe wa kuomba tarehe isogezwe. Siku ya shauri fika mapema na hati zako zote.

Sasa, tuseme mama mmoja anauza maziwa kwa mwenye hoteli, naye amefikisha deni la shilingi 84,000. Afanye nini?

Kwanza, awe na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila asubuhi aandike tarehe, lita na bei, na mpokeaji atie sahihi. Ujumbe wa simu na habari za malipo ya M-Pesa asizifute, maana nazo ni ushahidi.

Pili, amwandikie mdeni barua ya kudai, ataje kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, abaki na nakala. Madeni mengi huisha hapo.

Tatu, akubali mapatano yakiwezekana. Katiba hiyohiyo yahimiza usuluhishi. Wazee au viongozi wa mtaa wakiwapatanisha kulipana kwa mafungu, jambo hilo liandikwe na wote watie sahihi. Kulipwa 7,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja kwaweza kuwa bora kuliko kushinda shauri na kukosa jirani.

Nne, asikawie. Deni la mapatano kwa kawaida lina miaka 6 tu, halafu mlango wa mahakama unafungwa.

Wala asikimbilie kituo cha polisi ili mdeni atiwe ndani. Kushindwa kulipa deni la biashara si jinai peke yake, na kazi ya askari si kukusanya madeni.

Nawe unayedaiwa, usiitupe hati ya mahakama ukadhani mambo yamekwisha. Asiyefika aweza kuhukumiwa bila kusikiwa, na mali yake ikauzwa mnadani. Nenda ukaseme unachodaiwa kwa haki, na kile usichodaiwa. Nawe ukiwa na dai juu ya mdai wako, waweza kulileta mbele ya mwamuzi huyohuyo.

Jioni ya leo, baba na mama, tafuteni daftari la nyumba yenu. Ikiwa halipo, mtoto anayerudi shule aweza kuwachorea mistari.