Kurudi Nyuma si Woga

Wako watu wasemao ya kuwa mwenye akili haendi mlimani wala nyikani, kwani huko kuna baridi, na wanyama, na kupotea njia. Wako na wengine wasemao kwamba mwanamume akiisha kuanza safari hageuki nyuma. Wote wamekosa, lakini hawa wa pili huleta msiba upesi zaidi.

Tazameni habari za Kilimanjaro. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, aliupanda mlima huo hata akafika penye barafu. Hakuwa na vyombo vya kupandia barafu, akarudi. Mwaka 1889 akaja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, mtu wa Austria aliyezoea milima. Wakapiga kambi juu penye mawe matupu. Wapagazi wakawaletea chakula kutoka Marangu, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akakaa nao katika baridi ile. Tarehe 3 Oktoba wakakata vidato katika barafu kwa shoka, wakafika ukingoni mwa shimo la Kibo. Hapo wakaona ya kwamba ncha ipitayo zote kwa urefu iko mbele bado. Nguvu zilikuwa zimewaishia, wakashuka. Tarehe 6 wakapanda tena, wakasimama juu. Je, ile siku ya kwanza walikuwa waoga? Hata kidogo.

Hatari iliyo kubwa mlimani hainguruma kama simba. Kilele kina mita 5,895, na huko kila pumzi humpa mtu kama nusu tu ya hewa aipatayo pwani. Apandaye upesi huumwa kichwa, hutapika, hupepesuka kama mlevi. Naye akishupaa, mapafu huweza kujaa maji au ubongo kuvimba, akafa. Dawa yake ni kushuka, ijapokuwa ni usiku. Ndiyo sababu waongozaji husema “pole pole”, wala si kwa uvivu. Nguvu za miguu hazimkingi mtu. Pengine kijana mwenye mbio huugua kabla ya mzee, kwa kuwa amefika juu mapema.

Tena mtu asemaye, “Maisha ni yangu,” husahau wenzake. Akivunjika mguu, wako watakaomchukua mabegani. Wako na wapagazi waliokufa kwa baridi katika mlima huu, maana nguo zao zilikuwa nyepesi. Mtu aweza kujipimia hatari yake mwenyewe. Kumpimia mwenzake pasipo kumwuliza si ushujaa.

Wala mtoto asifungiwe nyumbani. Asiyepata kuvuka mto pamoja na baba yake hajui kina chake, na siku moja atauvuka peke yake. Basi na aende, akiisha kutaja njia yake na siku ya kurudi, naye ana maji, nguo ya baridi na kiberiti. Na saa ya kugeuka ipatanwe chini, kabla ya kuondoka, maana kule juu mwenye kuumwa kichwa hawezi kuamua vema.