Simu ya marehemu mkononi mwako si hukumu

Jioni moja sokoni Batsinda, wilayani Gasabo hapa Kigali, nilikuta ubishi mkali mbele ya duka la vitenge. Walikuwa wakizungumzia wafanyabiashara wanaoporwa na kuuawa njiani. Mama mmoja anayeleta mzigo kutoka Uganda kupitia Gatuna alimaliza maneno: "Mtu akikutwa na simu ya marehemu, unatafuta ushahidi gani tena? Na aliyempigia mara ya mwisho naye akamatwe. Hao walikula njama." Wengi walimuunga mkono.

Hasira yake naielewa. Anayesafiri na mtaji wake wote kiunoni hawezi kulizungumzia jambo hili kwa utulivu. Hata hivyo, naona amekosea, na kosa hilo linaweza kumrudia yeye mwenyewe.

Tuanze na alipopatia. Majambazi hawaui mbele ya mashahidi, hivyo kesi nyingi za namna hii hutegemea ushahidi wa mazingira: simu, mali iliyokutwa, gari lililoonekana, uongo aliousema mshukiwa. Huo ni ushahidi kamili, na mtu anaweza kufungwa maisha kwa huo. Ila una sharti lake. Mwaka 1958, katika rufaa ya Simoni Musoke iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mambo yaliyothibitishwa lazima yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba mshtakiwa ana hatia. Mahakama hiyo ilikufa pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977, lakini kanuni hiyo bado inafuatwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Rwanda imetoka katika mfumo mwingine wa sheria, lakini sheria yake ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2019 inafika palepale: penye shaka, mshtakiwa huachiwa.

Sasa turudi kwenye simu ya marehemu. Lazima ithibitike kuwa ni yake, iliporwa katika tukio hilo, na imekutwa muda mfupi baadaye. Muda mfupi ni upi? Inategemea kitu chenyewe. Lori la mahindi halibadilishi mikono mitatu kwa siku moja, lakini simu hubadilisha. Asubuhi iko kwa mwizi, mchana kwa fundi, jioni iko kwako, umeinunua kwa bei nzuri.

Njama nayo ni makubaliano. Kumpigia mtu simu mara kumi kunaonyesha kwamba mnajuana. Hakuonyeshi kwamba mlikubaliana kuua. Hata mshtakiwa mwenzako akikutaja, Sheria ya Ushahidi ya Tanzania hairuhusu utiwe hatiani kwa maneno yake ya kukiri peke yake.

Anayedhani huu ni ujanja wa kuwalinda majambazi akumbuke yaliyotokea Dar es Salaam Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, walikamatwa na polisi na kuuawa katika msitu wa Pande. Taarifa ya mwanzo ilidai walikuwa majambazi waliokufa katika kurushiana risasi. Walikuwa raia waliokuja mjini kwa biashara. Walihukumiwa kwa kushukiwa tu, bila mahakama.

Maofisa wa polisi walishtakiwa, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wengine wawili walibaki huru. Wengi walikasirika, na ndugu wa marehemu wana haki ya kuumia. Lakini kila mmoja alipimwa kwa yale yaliyothibitishwa dhidi yake, wala si kwa cheo chake au kwa kuwa alishtakiwa pamoja na wenzake. Kipimo ambacho marehemu walinyimwa msituni, washtakiwa walikipata mahakamani. Tukikiondoa kwa wale tusiowapenda, tumerudi Pande.

Uzito wa adhabu nao hauruhusu kubahatisha. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, lakini kuua kwa kukusudia ni kifungo cha maisha. Tanzania bado ina kitanzi.

Kwa hiyo mfanyabiashara afanye nini? Aache kumbukumbu. Piga *#06#, andika namba ya utambulisho wa simu yako na uiache nyumbani, pamoja na orodha ya mzigo na alama za magunia yako. Ukiporwa, karatasi hiyo ndiyo itakayosema simu ni yako. Ukinunua kitu kilichotumika, dai maandishi na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na lipa kwa simu ili malipo yaonekane. Dai risiti ya EBM hapa au ya EFD ukivuka Rusumo. Wengi tunaikwepa kwa sababu ya kodi, tukisahau kwamba siku ya shida ndiyo shahidi pekee asiyesahau.

Serikali zetu nazo zina deni. Mzigo unavuka mpaka kwa saa chache, lakini rekodi ya simu inayohitajika mahakamani lazima ipite ofisi kwa ofisi kati ya nchi na nchi. Jumuiya iliyorahisisha forodha irahisishe na ushirikiano wa wapelelezi na waendesha mashtaka.

Kabla sijaondoka Batsinda nilimuuliza yule mama simu aliyoishika aliinunua wapi. Kwa kijana mmoja pale stendi, alisema. Risiti? Alicheka, kisha akanyamaza.